Mbio Zisivunje Heshima ya Kaya

Hapa Nyacheki mtoto hukimbia kabla ya kufundishwa kukimbia. Vilima ndivyo mwalimu wake, na jina la Naftali Temu, Mgusii aliyeiletea Kenya nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968, lingali fahari yetu. Ndiyo maana sikushangaa wanafunzi waliponiuliza kwa nini mbio za msituni zisipitishwe katika Kaya za Wamijikenda, huko Pwani.

Jibu langu laanzia katika neno lenyewe. Kaya ni maskani. Ndani ya misitu ile, mingine ikiwa juu ya vilima, mna mabaki ya vijiji vyenye ngome vilivyoanzishwa tangu karne ya 16. Wakazi walipohama, wazee waliendelea kuvitunza kama makao ya wahenga. Miti imesalia kwa kuwa mwiko ulizuia shoka. Mwaka 2008 UNESCO iliitia baadhi ya misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wapo watakaosema kwamba mbio huleta fedha, na fedha hulinda msitu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mamia ya nyayo hugeuza kijia kuwa barabara, na barabara humkaribisha mkata miti.

Basi mbio na zipite kandokando, tena kwa idhini ya wazee. Ndani tuingie wachache, kwa mwendo wa taratibu, tukiongozwa na wenyeji. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana wetu kwamba maskani ya watu hayakimbiliwi, hupigiwa hodi.