Kitufe cha Mteremko na Neno la Mama



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetutiishia vyombo vya kupanda, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu wamezoea kutukuta katika safu hii tukizungumza juu ya malezi, mahari na mirathi. Leo tunaomba radhi, maana tutazungumza juu ya gari. Hatukuliendea jambo hili kwa kupenda vyombo. Tumeliendea kwa kuwa ndani ya gari huwamo mama, bibi na watoto, na kwa kuwa sisi wenyewe tulikaribia kukosea kosa ambalo halina kulirudia.

Magari ya fowili, yaani yale ambayo magurudumu yote manne husukumwa na injini, yameenea katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Si ya matajiri peke yao tena. Ndugu watatu au wanne huchangishana wakanunua moja lililokwisha kutumika Japani, kwa sababu wanakaa mjini lakini harusi zao, mazishi yao na mashamba yao yako ndani ya Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, na kwa hivyo gari linaloteremshwa leo bandarini huwa na kompyuta ndani yake na wasaidizi wengi waliofichwa nyuma ya vitufe. Tabu ni kwamba gari hilo husema Kijapani. Kitabu chake cha maelezo ama hakikuja, ama kimekuja na hakuna nyumbani awezaye kukisoma. Basi familia humiliki chombo chenye wasaidizi wanne au watano isiowajua hata mmoja.

Mvua za vuli zilizopita tulialikwa harusini, ndani ya Kinango. Tulitoka Likoni baada ya sala ya Alfajiri, watu saba katika gari moja: mpwa wetu kwenye usukani, sisi kiti cha mbele kando yake, na nyuma mama watoto, mama yake mzazi, na mabinti watatu. Tulipita Ng'ombeni, tukakata Kombani kwenda Kwale, na baada ya Kinango tukaacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia ya udongo mwekundu iling'ara kama iliyopakwa mafuta.

Tukafika kwenye mteremko mrefu unaoishia mtoni. Mpwa wetu alibonyeza kitufe chenye picha ya gari linaloteremka mlima, akaondoa mguu wake kwenye breki. Gari likaanza kushuka polepole kama mzee ashukaye ngazi, lakini chini yake kukatoka mlio wa kukwaruza na kutetema, na usukani ukatikisika. Mabinti walipiga kelele. Bibi akaanza kuleta shahada. Mpwa wetu akacheka, akasema, "Msiogope, ndivyo lifanyavyo kazi yake." Na kweli, tulifika chini salama, bila kuteleza hata mara moja.

Kule chini palikuwa na kivuko cha zege, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipita juu yake. Upana wake haukuzidi hatua ishirini za mtu mzima. Mpwa wetu alikuwa bado na furaha ya mteremko. "Ami," alitwambia, "gari lililotushusha pale halishindwi na haya." Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukamjibu, "Bismillahi, tawakkal."

Sauti ikatoka kiti cha nyuma. "Baba watoto, mwambie asimame. Watoto hawa siwatii majini."

Tuliona haya mbele ya kijana. Tulitaka kumjibu mama watoto kwamba safari ina dereva na ina mkubwa wake. Lakini alikwisha kufungua mlango na kushuka, na mama yake nyuma yake, na mabinti. Huwezi kuvuka mto na gari tupu ukawaacha wakeo na wanao ukingoni. Tukasimama.

Kabla hatujaeleza lililofuata, tueleze wasaidizi hawa ni nini hasa, maana hofu ya mabinti na kiburi chetu sisi vilitoka katika shina moja, nalo ni kutojua.

Msaidizi wa mteremko alianza kujulikana mwaka 1997, katika gari la Land Rover Freelander. Gari hilo halikuwa na giya zile nzito za kupandia na kushukia milima, kwa hivyo waliolitengeneza walitafuta njia nyingine ya kulizuia lisikimbie mteremkoni. Kompyuta hupima mwendo wa kila gurudumu, kisha hubana na kuachia breki ya gurudumu moja moja, mara nyingi kwa sekunde, jambo ambalo mguu wa mtu hauwezi. Ule mlio wa kukwaruza ndio breki zikifanya kazi. Si dalili ya kuharibika. Lakini katika magari mengi msaidizi huyu yupo kwa mwendo mdogo tu. Ukija kwa kasi hatakusikiliza, na breki zikipata moto mwingi anaweza kujiondoa. Atumiwaye ni yule aliyewashwa juu, kabla ya kuanza kushuka.

Yuko pia msaidizi wa kuondokea mlimani. Huyu hushika breki kwa sekunde mbili au tatu unapotoa mguu kwenye breki kwenda kwenye mafuta, ili gari lisirudi nyuma. Sisi watu wa Likoni tunajua thamani yake, maana maji yakitoka, mteremko wa feri huwa mkali, na nyuma yako pana watu wanaotembea kwa miguu. Hata hivyo ni sekunde chache tu. Anayeacha handibreki akimtegemea huyu amejitegemeza kwenye kivuli.

Wa tatu ni yule azuiaye gurudumu kuzunguka bure. Gurudumu moja likitumbukia topeni, hulibana ili nguvu iende kwa wenzake. Matopeni ni rafiki mwema. Lakini katika mchanga mwingi, mfano wa ule wa njia za pwani, huweza kukata nguvu ya injini wakati ambao unaihitaji, na gari likazama. Ndiyo maana magari mengi yana kitufe cha kumzima, na ndiyo maana madereva wa mchangani hupunguza upepo wa tairi kwanza, kisha huujaza tena wakirudi kwenye lami. Mwaka 2004 Land Rover Discovery ilitoka na swichi ya kuchagua njia: matope, mchanga, mawe. Toyota na wengine nao wakaja na zao. Swichi hiyo husaidia, lakini haijui uko wapi. Wewe ndiye umwambiaye.

Sasa wasomaji wetu watazame jambo moja linalowaunganisha wasaidizi hawa wote. Kila mmoja wao hufanya kazi kupitia mahali padogo pale tairi inapogusa ardhi. Breki hushika tairi, na tairi hushika ardhi. Ardhi ikiondoka, hakuna la kushika. Na maji yaendayo kwa kasi huiondoa ardhi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Yanapolizunguka gari huliinua na kulipunguzia uzito wake juu ya tairi, na papo hapo hulisukuma ubavuni. Maji yaendayo yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulichukua gari dogo. Yakifika sentimita 60 yanaweza kuyachukua hata magari makubwa, na fowili ni miongoni mwao. Hakuna kitufe cha hilo.

Wala ukubwa wa chombo si kinga. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limechukua wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, huko Mwingi katika Kaunti ya Kitui. Walikufa watu zaidi ya 30, watoto wakiwemo. Walikuwa jirani zetu Wakristo, na walikuwa wakienda palepale tulipokuwa tukienda sisi: harusini, wamevaa nguo zao nzuri. Mvua za Novemba 2023 zilivunja hata daraja la Mbogolo, kati ya Kilifi na Malindi, na hilo lilikuwa katika barabara kuu.

Turudi kwenye kivuko chetu. Tulikaa ukingoni saa nne. Mchungaji mmoja wa mbuzi alitwambia mto huo hupungua jioni ikiwa mvua haikurudi. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Gogo la mti likapita juu ya zege mbele ya macho yetu kana kwamba ni kijiti. Jua lilipoanza kuinama maji yalishuka, na zege likaonekana. Upande wa kulia, mahali ambapo gurudumu letu lingepita, palikuwa pamemegwa. Shimo lilikuwa la kina cha kiuno cha mtu.

Hakuna aliyesema neno. Mpwa wetu aliketi juu ya jiwe akajishika kichwa. Mama watoto hakutusimanga, aliwafunga mabinti mikanda, akasema, "Pitia kushoto, polepole." Nikaha ilikuwa imekwisha kusomwa tulipofika, na pilau imebaki ukoko. Tulikula ukoko huo tukashukuru.

Usiku ule tulijihesabu nafsi. Tulikuwa tumelitumia neno la tawakkal, neno tukufu, kufunika uvivu wa kushuka garini na kutazama. Tulikumbuka habari ya Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh alipewa habari za tauni. Hakusukuma msafara mbele kwa ushujaa. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba anaikimbia kadari Yake kuiendea kadari Yake nyingine. Na baadaye Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume iliyothibitisha uamuzi huo. Basi kurudi nyuma au kungoja si upungufu wa imani.

Na tulimkumbuka Bibi Ummu Salama (R.A.) huko Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini, masahaba wamefadhaika na amri haijatekelezwa. Akaingia kwa mkewe akamweleza. Bibi huyo akatoa shauri, Mtume akalifuata, na jambo likatengenea. Ikiwa mbora wa viumbe alisikiliza neno la mkewe safarini, sisi ni nani hata tuone haya mbele ya kijana mwenye usukani?

Kwa hivyo tunawausia ndugu zetu mambo matatu.

Kwanza, ijueni amana mliyonayo. Mwenye gari amwendee fundi aijuaye aina hiyo, amfasirie vitufe kimoja kimoja, naye aandike kwa Kiswahili na kuweka karatasi garini. Ajifunze kuvitumia uwanjani siku kavu, asingoje mteremko wenye matope. Na akina mama wanaoendesha wafundishwe pia, wasiachiwe kujua usukani na honi tu. Abiria nao waelezwe ule mlio wa kukwaruza, ili hofu isizae ghasia ndani ya gari.

Pili, msaidizi wa gari awe wa kuitimiza hukumu njema, asiwe wa kuhukumu badala yenu. Kufaulu mteremkoni si ruhusa ya kuingia mtoni. Maji yakiwa yanapita juu ya njia nanyi hamwoni chini yake, simameni. Kama hakuna wa kuwaambia, rudini.

Tatu, kila familia ipatane kabla ya kuondoka nyumbani kwamba neno "simama" likitamkwa na yeyote aliyemo garini, awe mama, bibi au mtoto, dereva atasimama kwanza, na maswali yatafuata gari likiwa limetulia. Neno hilo halimpunguzii baba heshima yake. Sisi tumelikubali nyumbani kwetu, na mpwa wetu ndiye aliyelisomea dua.

Na dua ya safari isisahauliwe. Isomwe gari likiwa bado limesimama, macho yakiwa yamekwisha kuitazama njia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bara na bahari, awarehemu waliotangulia majini, na atujaalie kusikia tunapoambiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.