Mgeni wa mazoezi asishindane na saa
Mazoezi makali ya kikundi hujenga moyo na misuli, lakini kelele za wenzake na saa ya ukutani humsukuma mgeni kupita uwezo wake. Hatari si kuteguka tu: misuli ikiharibika kupita kiasi, protini ya mayoglobini humwagika kwenye damu, mkojo hugeuka rangi ya strungi, na figo zinaweza kufeli. Kampuni ya mazoezi ya CrossFit ya Marekani iliwahi hata kuuchorea ugonjwa huo kikaragosi, mzaha mbovu kwa maoni yangu. Wapo wasemao kila mtu mzima anajua kikomo chake. Angejuaje, ikiwa maumivu makali huja siku moja au mbili baadaye? Kwa hiyo mwalimu ndiye wa kumpunguzia mgeni uzito na mizunguko wiki za mwanzo, hata akinung'unika kwamba amelipa ada kamili.