Tuyau za machimbo: kabla ya kuuliza chuma gani, uliza mchanga gani

Katika kiwanda kikubwa cha dhahabu, kama kile cha Kibali huko Haut-Uélé kilichoanza kutoa dhahabu mwaka 2013, mawe yanasagwa na kuchanganywa na maji mpaka yanakuwa kama uji. Dhahabu ikiisha kutolewa, uji unaobaki unasukumwa na pompe ndani ya tuyau mpaka kwenye bwawa la takataka. Unaweza kuwa bado na sianire ndani. Tuyau ikitoboka karibu na mto, wanaoteka maji kule chini ndio wanaumia kwanza.

Mchanga unakula tuyau kwa ndani, kila siku, pasipo mtu kuona. Unakula zaidi mahali tuyau inapinda, na upande wa chini, juu chembe nzito zinatambaa pale. Mwendo ukizidishwa mara 2, kulika kunaweza kuongezeka mara 4 mpaka 8. Lakini mwendo ukipungua sana, mchanga unalala na kuziba njia.

Wengi wanafikiri dawa ni chuma kigumu zaidi. Si hivyo kila mara. Mpira unaobandikwa ndani ya chuma unavumilia chembe ndogo, juu unabonyea na kurudi. Lakini jiwe lenye makali linaupasua. Seramiki ni ngumu kupita chuma na inafaa kwenye kona, ila ikigongwa na jiwe kubwa inaweza kuvunjika. Plastiki nene haishiki kutu, lakini haivumilii joto kali. Chuma cha kawaida nacho kinafaa, kama unene wake unapimwa, na tuyau inazungushwa ili upande uliolika usibaki chini.

Code minier, ile sheria ya machimbo iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema mwenye machimbo analipa uharibifu unaotokana na kazi yake hata kama hakufanya kosa. Lakini malipo yanakuja wakati maji yamekwisha kuharibika.

Katika mikutano ya cahier des charges, wanainchi wanaomba shule, barabara na centre de santé. Ni haki yao. Wanaweza kuongeza maswali matatu: tuyau inayopita karibu na mto imevikwa nini ndani? Unene wake ulipimwa lini? Ikipasuka usiku, uji utaangukia ndani ya shimo lililotayarishwa, ao ndani ya mto? Na jibu la mdomo halitoshi: waombe kuona karatasi ya vipimo.