Miaka 18 Si Tarehe ya Kumfukuza Mtoto

Makamanda, leo siandiki habari za tume wala sanduku la kura. Naandika habari za begi.

Nimekulia kwenye makao ya watoto hapa Dodoma. Jina silitaji, maana walezi wale walinipa walichokuwa nacho. Nilipomaliza kidato cha nne, miaka 18 imetimia, nikapewa begi, godoro na nauli. "Nenda salama mwanangu, Mungu akutangulie." Mungu alitangulia kweli. Serikali ndo sikuiona.

Wiki hiyohiyo nilikuwa soko la Sabasaba nabeba viroba, usiku najibana kwa mshkaji Chang'ombe. Kazi haikunishinda. Kilichonimaliza ni karatasi. Nimeenda kuomba kitambulisho cha Taifa: jina la baba? La mama? Cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Barua ya serikali ya mtaa? Jamani, mwenyekiti gani anitambue wakati miaka 11 nimeishi ndani ya geti? Nilizungushwa miezi minane. Na bila namba ya NIDA husajili laini kwa jina lako, hufungui akaunti, huingii kikundi cha mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 4 ya vijana tunayoimbiwa kila bajeti inapita mbele ya macho yako kama treni ya SGR.

Aliyefaulu kwenda chuo naye ana la kwake. Yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu anatakiwa kuambatanisha vyeti vya vifo vya wazazi. Sasa mtoto aliyeokotwa stendi akiwa na siku mbili, atapeleka cheti cha kifo cha nani?

Najua watakachosema: "Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18. Huyo ni mtu mzima, ajitegemee." Sawa. Mheshimiwa, wa kwako alipofikisha 18 ulimpa begi? Kijana wa nyumbani akifeli maisha mjini anarudi kwa mama, anakuta ugali na mlenda. Sisi tunarudi wapi?

Mwaka huohuo wa 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala: mtoto aandaliwe mapema kabla ya kutoka, na akishatoka afuatiliwe. Kenya waliandika mwongozo wao mwaka 2014, na suala la kutoka makaoni limo. Msinioneshe kanuni iliyo kabatini Mtumba. Nioneshwe afisa ustawi mmoja anayempigia simu kijana mwaka mmoja baada ya kutoka, nitafuta andiko hili.

Kujenga serikali inajua. Makao ya Taifa ya Watoto yako Kikombo, hapahapa Dodoma. Lakini mtoto haishi jengoni milele. Serikali ndiyo inayosajili makao, ndiyo yenye maafisa wanaompeleka mtoto huko. Ukichukua nafasi ya mzazi, beba na mzigo wake.

Tunadai mambo matatu:

1. Kila mtoto wa makao au familia ya kambo, akifika miaka 15, aandikiwe mpango wa kutoka: ufundi gani, ataishi wapi, nani atamsaidia.

2. Asivuke geti bila cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA mkononi. Afisa ustawi azifuatilie, si mtoto.

3. Afisa mmoja mwenye jina na simu awajibike kwake hadi miaka 21, na halmashauri itenge kodi ya chumba ya mwaka wa kwanza.

Na sisi tusijitoe. Tukienda makaoni na sabuni na mchele, tunapiga picha na watoto, tunaondoka. Nani kati yetu amewahi kuuliza waliotoka mwaka jana wako wapi? Kamanda, ulizia kwenye kata yako wiki hii. Ukimpata mmoja, mpeleke ofisi ya mtaa, msimame naye mpaka barua itoke. Halafu bajeti ya halmashauri ikifika barazani, tukamuulize diwani: begi la mtoto wetu lina nini ndani?