Usiufute Ukaguzi wa Diski

Mwandishi anayewashauri wenye ofisi Singida wafute ukaguzi wa diski kwa sababu kompyuta huganda, anamlaumu mpiga mbiu badala ya moto. Umeme ukikatika ghafla, kama gridi ya Taifa ilipozimika Aprili 1, 2024, data iliyokuwa ikiandikwa hukatikia njiani. Ukaguzi hutafuta palipovurugika. Diski ikiwa na sehemu mbovu, huisoma tena na tena, na programu nyingine husubiri. Huko ndiko kuganda. Ukiizima kompyuta kwa nguvu, umeikatia umeme mara ya pili.

Kweli, ukaguzi hupunguza kasi: upange usiku. Ukikwama palepale kila mara, nakili mafaili kwanza, kisha badili diski. Anayeona UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ghali, apige hesabu ya kumbukumbu zitakazopotea.