Sheria ni Moja, Mbona Mizani ni Nyingi?

Sheria ya nchi haina kabila wala mkoa. Ikishapitishwa na Bunge humfunga mkulima wa Lamadi sawasawa na mfanyabiashara wa Kariakoo. Hiyo ndiyo maana ya kuwa taifa moja. Lakini katika jambo zito la kumkabidhi raia silaha ya moto, tumeiacha sheria moja ipimwe kwa mizani nyingi, na mizani yenyewe haijawekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuiona.

Hebu tuitazame Lamadi. Mji huu wa wilaya ya Busega umekaa njia panda, pale barabara kuu ya Mwanza na Musoma inapokutana na barabara iendayo Bariadi. Upande mmoja ni Ghuba ya Speke, upande wa pili ni Hifadhi ya Serengeti. Hadi mwaka 2012 Lamadi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Mwaka huo mkoa wa Simiyu uliundwa kwa kumega Shinyanga na Mwanza, na Lamadi ikawa ya Simiyu. Ukienda mwendo mfupi kaskazini umekwisha kuingia Bunda, mkoani Mara. Mwananchi wa hapo hakuhama hata hatua moja; mpaka ndio uliohama. Je, haki yake nayo ihame?

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kwa utaratibu tuliouzoea, maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapanda kata, wilaya na mkoa, yakipita katika kamati za ulinzi na usalama, hadi Makao Makuu ya Polisi. Ngazi hizo ni nyingi, na wingi wake una hekima: jirani humfahamu mtu kuliko faili linavyomfahamu. Ubaya unaanzia pale ambapo kila ngazi hujitungia kipimo chake. Mtu akisema, “Nalinda shamba langu dhidi ya tembo,” kamati moja inaweza kuona hiyo ni sababu ya kutosha, na nyingine ikasema tembo ni kazi ya askari wa wanyamapori. Kamati zote mbili zinaweza kuwa na nia njema. Lakini haziwezi zote mbili kuwa ndizo sheria.

Wapo watakaojibu kwamba kila mkoa una mazingira yake. Ni kweli. Mazingira ya Busega si ya Ilala. Lakini mazingira hubadili majibu, hayabadili maswali. Muuza duka akipima sukari kwa kilo ya Mwanza na chumvi kwa kilo aliyoibuni mwenyewe, hatumsifu kwa kujali mazingira. Tunamwita mpunjaji. Tena mipaka ya kipolisi yenyewe haifuati mikoa ya kiserikali: mkoa wa Mara umekuwa na Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, na Dar es Salaam ina mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Basi mazingira hayo yanaanzia wapi na kukomea wapi?

Gharama ya uzembe huu si usumbufu tu. Nchini Uingereza kila jeshi la polisi la eneo huamua lenyewe nani apewe kibali. Mwezi Agosti 2021, mjini Plymouth, kijana mmoja aliwaua watu watano kwa bunduki ambayo polisi wa Devon na Cornwall walikuwa wamemrudishia mwezi uliotangulia, baada ya kunyang’anywa kwa kosa la shambulio. Nchi ile ina fedha na mitambo, lakini havikuwafufua watu watano. Ulegevu wa ofisi moja ni hatari kwa wote, kwa kuwa risasi haisimami kwenye kizuizi cha mkoa kuonyesha kitambulisho.

Upande wa pili, ukali usio na maelezo nao huzaa maovu. Mwenye haki akizungushwa miaka bila jibu, hujifunza kwamba njia halali ni ya wajinga. Ndipo gobole hufichwa darini, na mwenye pesa hutafuta mlango wa nyuma. Huo ni umangimeza unaoirutubisha rushwa.

Kinachotakiwa si bunduki zaidi. Ni kipimo kimoja, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila ofisi ya kijiji na kila kituo cha polisi. Muda maalumu wa kujibu. Sababu za kukataa zitolewe kwa maandishi. Na kumbukumbu zinazomfuata mwenye silaha hata mpaka unapochorwa upya.

Ndugu watumishi na walimu, jambo hili linaanzia mezani petu. Barua ya kwanza ya kumthibitisha mwombaji huandikwa na mtendaji, na mwalimu ni miongoni mwa wanaomfahamu kijana tangu utoto. Tukiandika kwa kujuana, au tukikaa kimya kwa woga, tusimlaumu kamanda wa mkoa. Mizani hupotoka kuanzia kwa yule anayeweka jiwe la kwanza.