LIWALI ANAACHA NINI NYUMA YAKE?

Wandugu wasomaji, ninyi wenye kufanya kazi chini ya udongo na ninyi wenyeji wa mji,

Kila liwali akitoka kitini, watu wa Bukavu huulizana: ametuachia nini? Wengine huhesabu barabara. Wengine huhesabu watu wa kwao aliowaandika kazi. Sisi leo twataka kuhesabu namna ingine. Twataka kuhesabu milima, mito na misitu. Barabara mbovu, liwali mwingine ataitengeneza. Mto uliokwisha kugeuka matope, nani atautengeneza?

Twawatwaa maliwali watatu wa Kivu ya Kusini: Bwana Claude Nyamugabo, Bwana Théo Ngwabidje na Bwana Jean-Jacques Purusi. Hatutaki kumtukana mtu. Twataka kupima kazi, maana kazi ya mkubwa ni mali ya watu wote.

Bwana Nyamugabo alikalia kiti toka mwaka 2017 mpaka 2019. Katika siku zake, mwezi wa Oktoba 2018, jamaa za Batwa zilirudi ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga ile iliundwa mwaka 1970 na ikapanuliwa mwaka 1975, ikafika hekta 600,000. Sokwe wakubwa wakapata ulinzi, na hilo ni jambo jema. Lakini Batwa waliokuwa wakiishi mle tangu mababu walifukuzwa bila kupewa shamba wala malipo. Waliporudi, vita vikatokea kati yao na walinzi, watu wakafa pande zote mbili, na miti ikakatwa kwa makala. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa. Liwali angeweza kufanya nini? Kidogo tu, maana mbuga za taifa zinatawaliwa na shirika la Kinshasa, si na jimbo.

Lakini baadaye mamlaka yalimfikia mkononi. Mwezi wa Agosti 2019 Bwana Nyamugabo aliitwa Kinshasa kuwa waziri wa mazingira. Sasa misitu ya nchi nzima ilikuwa chini ya kalamu yake. Mwezi wa Septemba 2020, yeye akiwa wizarani, mikataba ilitolewa juu ya msitu wa hekta 1,400,000. Ndugu msomaji, hiyo ni zaidi ya Kahuzi-Biega mara mbili. Mashirika ya raia yalilalamika na kwenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba 2021 Rais wa Jamhuri mwenyewe aliamuru mikataba ile isimamishwe. Sisi si mahakimu. Twasema tu kwamba mtu aliyetoka jimbo letu alipata nafasi ya kuandikwa kati ya walinzi wa msitu, na jina lake likabaki katika mashauri ya mikataba.

Bwana Ngwabidje alimfuata mwaka 2019. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa iliangusha mashimo ya Kamituga, na wachimbaji zaidi ya hamsini walikufa. Ninyi wa Kamituga hamhitaji kusimuliwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 2021, liwali huyu alifanya jambo ambalo watu wa Mwenga walikuwa wakililia: alisimamisha kazi ya makampuni sita ya wageni yaliyokuwa yakichimba zahabu kwa mashini kubwa na kuharibu mito na mashamba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini miezi michache baadaye, Desemba 2021, wabunge wa jimbo walipiga kura ya kumwondoa. Kisha Mahakama ya Katiba ikamrudishia kiti. Katika ugomvi ule wa kiti, nani alikuwa na nafasi ya kwenda Mwenga kutazama kama amri inafuatwa? Amri bila mlinzi ni karatasi.

Ushahidi wa maneno hayo ulionekana mwaka 2024. Bwana Purusi alipoingia, alikuta machimbo yamejaa fujo ileile, na mwezi wa Julai akasimamisha tena kazi za madini katika jimbo. Maliwali wawili, amri mbili, ugonjwa mmoja! Mwishoni mwa mwaka ule wageni kumi na saba walioshikwa kwa kuchimba zahabu bila haki waliachiliwa, wakarudi kwao. Liwali mwenyewe alitangaza kwamba ameshangaa, maana watu wale walikuwa na deni la kodi na faini la dola milioni kumi. Tazameni hapo mipaka ya kiti chake! Mwezi wa Januari 2025 wageni watatu wengine, walioshikwa na vipande vya zahabu na dola 800,000, walihukumiwa Bukavu kifungo cha miaka saba. Hilo lilionyesha kwamba sheria ikitaka kufanya kazi, inaweza. Lakini mwezi uliofuata M23 waliingia Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni amekuja, na mwenyeji ameugua. Kwa nini? Twataja sababu tatu.

Ya kwanza, ruhusa kubwa za madini zinatiwa sahihi Kinshasa. Liwali anaachiwa vumbi na kilio cha watu.

Ya pili, sheria inampa Mkongomani peke yake haki ya kuchimba kwa mkono. Basi mgeni mwenye mashini hujificha nyuma ya chama cha ushirika cha wachimbaji. Karatasi ina jina la mwenyeji, faida ina jina la mgeni. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba katika ushuru wa madini, jimbo lipate asilimia 25, na wilaya na maeneo yanayochimbwa yapate asilimia 15. Lakini anayechimba kwa kujificha halipi ushuru huo, na kijiji kinabaki na shimo lenye maji.

Ya tatu, liwali hachaguliwi na mimi wala wewe. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo, na hao hao wanaweza kumwangusha. Mtu aliyepewa kiti na watu wachache huwaogopa hao wachache. Mlima hauna kura bungeni, wala samaki wa mto Elila.

Tena tuseme ukweli mmoja mchungu. Liwali akisema "simameni," anayesimama kwanza ni mwenye sururu. Watoto wake hulala njaa siku ileile. Mwenye mashini ana akiba, naye anangoja mambo yapoe. Kwa hiyo amri ya kusimamisha peke yake haiponyi mlima, na humwumiza mchimbaji mdogo. Na wachimbaji nao wajue kwamba zebaki inayomwagwa mtoni haichagui: inaingia katika samaki, na samaki anaingia katika chungu cha nyumbani.

Basi twataka nini kwa kila atakayekalia kiti kile?

Akisimamisha kampuni, atangaze kwa jina shimo gani linafukiwa, nani anayelipa, na siku gani kazi inakwisha. Aidai Kinshasa maeneo halali ya wachimbaji wa mkono, ili mwenye sururu asiwe mwizi katika nchi ya babu zake. Asome mbele ya watu, kila mwaka, hesabu ya ushuru uliolipwa na mahali ulipokwenda. Na asilinde msitu kwa kumfukuza Mtwa, maana mtu aliyenyang'anywa msitu hatakuwa rafiki wa mlinzi wake.

Na kwenu wandugu wa mjini twasema: msidhani haya ni mambo ya Mwenga na Shabunda tu. Takataka tunazotupa kwenye mitaro ya Kadutu zinashuka ziwani, na kutoka ziwani zinaingia Ruzizi na kuziba mashini za umeme, nasi tunakaa gizani. Mwezi wa Mei 2023 mvua ilifagia Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, na watu zaidi ya mia nne walizikwa. Milima yetu ikibaki uchi, mvua haitauliza nani ni tajiri.

Siku mbunge wa jimbo atakapokuja kuomba kura yako, usimwulize atakupa kofia gani. Mwulize atamchagua liwali gani, na liwali huyo ataufanyia nini mto. Jibu lake liandikeni. Akirudi mara ya pili, msomeeni.